Mbawakawa wanaong'aa wa Dodoma: nani anatoboa mwembe, na nani hana kosa

Swali la msomaji, mkulima wa zabibu Hombolo: "Tangu mvua zianze, watoto wananiletea mbawakawa wakubwa wa kijani kinachong'aa kutoka kwenye migunga. Kuni za mgunga nilizoweka bandani nazo zimetoa wengine wadogo, rangi ya shaba, wakaacha matundu. Sasa naona matundu kwenye mizabibu, na mwembe mmoja mchanga unakauka tawi moja moja. Je, huyu ni mdudu mmoja? Wako wa aina ngapi, wana sumu, na nipige dawa gani?"

Ndugu yangu, hapo una wadudu wasiopungua watatu, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye dawa ya kupulizia itamaliza kazi yake. Wale wakubwa wa kijani hawana shida na zabibu zako. Wale wa kwenye kuni ni wa ukoo mmoja nao, na huenda ndugu zao ndio walioingia kwenye mwembe. Matundu ya mzabibu, kama ni ya mviringo kamili, yana mwenyewe mwingine asiye wa ukoo huu. Mwembe ndio wa kushughulikiwa kwanza, wiki hii.

Ukoo wenyewe unaitwa Buprestidae. Duniani zimekwisha kuelezwa aina zipatazo 15,000. Wadogo kabisa hawafiki milimita 3. Euchroma gigantea wa Amerika ya Kusini hupita sentimita 6. Watu wengi hujaribu kuwatambua kwa rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Rangi hii si ya kupakwa. Inatokana na matabaka membamba sana ya ganda, yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo hurudisha mwanga wa rangi fulani na kuuacha mwingine upite. Mgeuze mdudu pole pole juani utaona kijani kikielekea bluu au dhahabu. Kwa kuwa rangi imo katika umbo la ganda, haipotei anapokufa: katika hekalu la Horyu-ji huko Nara, Japani, kuna kijumba cha ibada cha karne ya 7 kilichopambwa kwa mabawa ya mbawakawa hawa, na mabaki yake bado yanang'aa. Lakini aina moja inaweza kuwa na wa kijani, wa bluu na wa shaba, na aina mbili zisizohusiana kwa karibu zikafanana kwa kijani. Kwa mkulima, swali la kuuliza ni hili: buu lake linaishi wapi? Kwenye udongo, chini ya gome la mti hai, ndani ya mbao iliyokufa, au kwenye jani? Ukilijua hilo umejua madhara yake.

Kwanza hakikisha uliyemshika ni wa ukoo huu. Mwili ni mgumu na umenyooka, umechongoka kuelekea nyuma. Kichwa kimezama kifuani hadi karibu na macho, na macho ni makubwa, yako pembeni. Vipapasio ni vifupi, vyenye meno meno kama msumeno. Chukua lenzi ya mkono utayaona. Kifua kimebana kabisa na mabawa magumu ya mgongoni, hakichezi. Mgeuze: tumboni nako kunang'aa. Saa sita mchana anaruka ghafla na kwa kasi. Asubuhi kukiwa na baridi ukigusa tawi anakunja miguu na kudondoka, akijifanya amekufa.

Wanaofanana nao ni wachache. Yule anayejirusha kwa mlio wa "ta!" ukimlaza chali ni wa ukoo mwingine, kifua chake kinacheza na pembe zake za nyuma zimechongoka. Wale wanene wanaokula maua na matunda yaliyoiva, ambao ncha za vipapasio vyao hufunguka kama kurasa, nao si wao. Kikobe cha dhahabu kinachotoboa majani ya viazi vitamu kinang'aa sana kikiwa hai, ila kikifa dhahabu inafifia, maana rangi yake inategemea unyevu ulio kati ya matabaka.

Wa kuogopwa ni mmoja, naye watoto wamfahamu. Ana mwili laini, shingo nyembamba iliyo wazi kati ya kichwa na kifua, na mara nyingi mabawa meusi yenye mistari mipana ya njano au nyekundu. Hukaa kwa makundi kwenye maua ya kunde na mbaazi. Huyo ni wa ukoo wa Meloidae. Majimaji yake yana kantaridini, inayotoa malengelenge kwenye ngozi na kumdhuru mnyama aliyemla pamoja na majani. Mbawakawa wako wa kijani hana kitu hicho. Anaweza kubana kidole kwa taya na kucha zake zikakwaruza, basi. Baadhi ya jamaa zake wana kemikali chungu mno inayofukuza ndege na sisimizi, lakini si sumu ya kumtia mtoto hatarini. Zimbabwe jamaa wa jenasi (kundi la aina za karibu) ya Sternocera huliwa na watu.

Na huyo Sternocera ndiye ninayemshuku kwenye migunga yenu. Ana urefu wa sentimita 3 hadi 5, mwili umevimba, umejaa, mzito mkononi. Kifua kimejaa vishimo vidogo vilivyosongamana, na kwenye mabawa aina nyingi zina mabaka au vishimo vyenye vinyweleo vyeupe au vya njano. Si wote wa kijani: Afrika Mashariki kuna wenye mabawa ya kahawia, na wengine karibu weusi. Hutokea na mvua za mwanzo, Desemba na Januari kwa Dodoma, wakala majani machanga ya mgunga kwa wiki chache, wakapandana na kufa. Jike hutaga mayai makubwa udongoni, na buu huishi humo humo likila mizizi. Halitoboi shina. Ukiona mgunga umejaa hao na majani yamekatwa katwa, uache. Mvua zikiendelea utatoa mengine. Kupulizia dawa mgunga unaochanua ni kuua nyuki, na sijui mfugaji wa nyuki wa Manyoni au Singida atakayekushukuru kwa hilo.

Kwenye migunga hiyo hiyo yupo mwingine wa kijani wa kuchanganya naye, Steraspis. Naye ni mkubwa, lakini mwembamba na bapa zaidi, mabawa yanang'aa kwa urefu wote bila mabaka ya vinyweleo. Tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu buu la huyu linatoboa mizizi na shina la mgunga. Ukikuta mgunga mkubwa umechoka, chini kwenye shina kuna gome lililoachana na mbao, fungua uangalie: njia pana, bapa, zilizoshindiliwa unga ni zake au za jamaa yake.

Wa kuni zako, kwa maelezo yako, ni wa kundi la Chrysobothris. Wana milimita 8 hadi 15 au zaidi kidogo, bapa, rangi ya shaba iliyoungua au hudhurungi, na kwenye mabawa kuna vishimo vichache vilivyo ving'avu kuliko sehemu nyingine, kama mtu aliyepiga shaba kwa nyundo ndogo. Paja la mguu wa mbele limenenepa na lina jino. Hilo ndilo la kumtambulisha. Ukinyanyua mabawa, mgongo wa tumbo mara nyingi ni kijani au bluu kali. Jike hutafuta mti uliodhoofika, uliochomwa na jua, au gogo lililokatwa karibuni likiwa bado na gome, akapenyeza mayai kwenye nyufa. Ulizileta kuni na mayai au mabuu tayari. Wengi wa kundi hili hawachagui sana jina la mti. Wanachagua udhaifu wake.

Kundi la Agrilus ni wembamba, wengi chini ya sentimita 1, na ndiyo jenasi ya wanyama yenye aina nyingi kuliko zote zinazojulikana, zaidi ya 3,000. Mabuu yao huchora njia za kupinda pinda chini ya gome na wanapotoka huacha tundu dogo lenye umbo la herufi D, upande mmoja umenyooka. Mmoja wao, Agrilus planipennis kutoka Asia ya Mashariki, aligunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002, na tangu hapo ameua makumi ya mamilioni ya miti ya jenasi ya Fraxinus. Kwao Asia miti yenyeji inamstahimili. Kule alikofikia haikumjua. Kuhamisha magogo yenye gome kutoka mkoa hadi mkoa ni jambo la kufikiriwa kwa sababu kama hiyo.

Waliobaki nitawapitia haraka. Kwenye maua ya njano ya mwanzo wa mvua utakuta vidogo vyenye madoa, Acmaeodera, ambao mabawa magumu yameungana mgongoni, hivyo wanaruka yakiwa yamefungwa na kwa mbali wanafanana na nyuki; na Anthaxia, vidogo zaidi, bapa. Wadudu wazima wanakula chavua, mabuu yao yako kwenye vijiti vikavu. Trachys, wa milimita 3 hivi na umbo la kabari, buu lake huchimba kati ya ngozi mbili za jani na kuacha baka la kahawia. Si la kukunyima usingizi. Sphenoptera mtazame kama unalima karanga: India kuna aina ya jenasi hiyo inayotoboa mizizi na shina la karanga mpaka mmea unanyauka. Kwetu karanga ikinyauka mchwa ndiye wa kushukiwa kwanza, na kupambanua ni rahisi. Pasua mzizi kwa wembe. Ukikuta udongo umejazwa ndani, ni mchwa. Ukikuta unga wa mmea na buu jeupe lisilo na miguu, lenye kifua kilichotanuka, ni Sphenoptera.

Buu hilo inafaa ulijue kwa macho yako, kwa sababu utalikuta mara nyingi kuliko mdudu mzima. Rangi ni ya maziwa. Sehemu ya mbele, inayodhaniwa kuwa kichwa, ni kifua kilichotanuka na kubanwa, pana mara mbili au tatu kuliko mwili unaofuata nyuma. Kichwa chenyewe kimefichwa ndani yake, taya tu nyeusi ndizo zinazojitokeza. Kwa Chrysobothris, juu ya hicho kifua bapa kuna mchoro wa herufi V iliyogeuzwa. Buu la mbawakawa wenye vipapasio virefu ni la mviringo na nene, na takataka zake ni nyuzi nyuzi kubwa. Buu lililojikunja na lenye miguu mitatu kila upande ni la wengine kabisa.

Sasa matundu, maana ndiyo yanayokusumbua.

Njia ya mabuu wa ukoo wa Buprestidae ni bapa, upana wake mara kadhaa ya kimo chake, na nyuma yake buu hushindilia unga wa mbao na kinyesi kwa matabaka yaliyokaza. Likikaribia kukomaa huingia ndani ya mbao, likatengeneza chumba, likawa bundo, kisha mbawakawa akatafuna njia ya kutoka. Tundu unaloliona nje ni mlango wa kutokea: aliyekuwemo ameshaondoka. Ndiyo sababu kupulizia hakusaidii, na ndiyo sababu waya nao haupiti. Unga umeshindiliwa kama saruji.

Matundu ya mviringo kamili yenye unga mweupe mbichi unaodondoka chini kila siku ni kinyume chake. Hapo mdudu mzima ndiye aliyeingia. Kwa mzabibu ninamshuku Apate, mbawakawa mweusi asiyeng'aa, umbo la mche mviringo, kichwa kimeinama chini ya kifua kilichoparara kama tupa. Ni wa ukoo mmoja na dumuzi wa mahindi. Tundu lake linakaribia unene wa penseli na njia yake iko wazi, kwa hiyo waya unafika. Chukua spoku ya baiskeli, isukume mpaka ikome, izungushe na uivute; ikitoka na majimaji umempata. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi na urudi baada ya siku 3: kama pameshatobolewa upya, rudia. Tawi lililotobolewa likate chini ya tundu. Na kwa kuwa wengi wenu mnapogoa mara mbili kwa mwaka, msiache vijiti vilivyokatwa chini ya mizabibu; vichomwe au vihamishwe siku hiyo hiyo.

Mwembe sasa. Anza na tawi lililokauka. Kwa kisu kikali kwangua gome taratibu kutoka sehemu iliyokufa kuelekea hai, ukitafuta njia bapa. Ukifika mahali ambapo chini ya gome ni kijani na majimaji bila njia yoyote, ongeza sentimita 15 kuelekea kwenye shina na ukate hapo. Choma tawi ndani ya wiki moja, usiliweke bandani. Kama ugonjwa uko kwenye shina, ondoa gome lililoachana mpaka ukingo hai, toa mabuu kwa ncha ya kisu, na uache kidonda kikauke kwa hewa. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka, huua lile tabaka laini la kambiamu kati ya gome na mbao, na hilo ndilo linalopaswa kuziba kidonda. Buu likizunguka tabaka hilo pande zote, chakula kinachotoka majanini hakifiki mizizini na mti unakauka, usilisaidie kazi.

Lakini kukata ni nusu ya kazi. Mwembe wenye nguvu hutoa utomvu mwingi pale buu changa linapoanza kula, likazama humo. Mti wenye kiu hauna msukumo huo. Kwa hiyo swali ni kwa nini huo mmoja ulidhoofika. Angalia mambo manne: kiangazi cha Mei hadi Novemba bila maji; gome lililochunwa na kamba ya mbuzi au jembe; miche iliyotolewa kivulini na kupandwa palipo wazi kabisa; na jua la alasiri. Hilo la mwisho linasahaulika. Dodoma iko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, na kuanzia Mei hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, hivyo upande wa shina unaoungua ni wa kaskazini-magharibi. Maelekezo mengi yaliyoandikwa Ulaya au Marekani yanasema kusini-magharibi, na mkulima anayeyafuata hukagua upande usio wake.

Ifikapo Mei paka shina chokaa, kutoka ardhini hadi matawi ya kwanza. Kilo 1 ya chokaa ya kupakia nyumba kwa maji lita 4, koroga, chuja kwa kitambaa, paka kwa brashi mara mbili; ikimomonyoka, rudia. Mti wa miaka 2 hadi 3 upe ndoo mbili za lita 20 kwa wiki, polepole, kwenye beseni la udongo lililo nusu mita au zaidi kutoka kwenye shina. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 10, ukiacha shubiri moja wazi kuzunguka shina ili mchwa wasipande kwa kificho. Punguza matawi hai wakati mti una nguvu, si katikati ya kiangazi.

Kuni usizipulizie chochote. Zitumie mapema, ukianza na zenye gome lililolegea, na rundo jipya lisikae karibu na miembe. Kwa nguzo na boriti, menya gome siku ile ile ya kukata, kwa sababu jike anataga kwenye nyufa za gome. Mbao iliyomenywa na kukauka haimvutii, na hatahamia kwenye kabati lako. Akitokea mmoja kwenye fanicha alikuwamo tangu mti ulipokuwa na gome. Mbao kavu ina lishe kidogo sana, hivyo buu hukua taratibu mno: kwa Buprestis aurulenta wa Amerika ya Kaskazini imeandikwa kwamba mdudu alitoka kwenye mbao zaidi ya miaka 50 baadaye. Unga laini kama poda na matundu ya milimita 1 hadi 3 kwenye kiti ni kazi ya jamaa wa dumuzi, ambao ndio hurudia kubungua mbao kavu kizazi hadi kizazi.

Ukitaka jina kamili la aina, peleka sampuli kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora, ambacho kinashughulikia zabibu, au kwa afisa ugani aifikishe. Mdudu mzima muue kwa kumweka kwenye friza siku 2, kisha mkaushe kivulini. Buu lichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, ndipo uliweke kwenye spiriti ya asilimia 70. Bila kuchemshwa huwa jeusi na kuoza. Kata kipande cha tawi cha sentimita 20 chenye njia na tundu, ukifunge kwa gazeti. Mfuko wa plastiki huleta ukungu. Kwa penseli, maana wino hufutika kwenye spiriti, andika kijiji, tarehe, jina la mti, sehemu ya mti na kimo kutoka ardhini. Kwa zile kuni, weka vipande vichache vyenye gome kwenye ndoo, funika kwa kitambaa kilichobana, iache kivulini na uikague kila siku mpaka Machi: watakaotoka humo ndio wenye matundu, na mti waliotoka unaujua.